Bakshishi si Hongo

Wengi wetu huita bakshishi na hongo kwa jina moja, eti "chai". Tutofautishe. Bakshishi ni neno lenye asili ya Kiajemi, maana yake zawadi. Hutolewa kwa hiari baada ya kuhudumiwa. Hongo aghalabu hutangulia, ndipo upate haki yako.

Je, bakshishi huleta huduma bora? Mama yangu ni mhudumu hotelini. Siku moja nilimwona akimpita mzee fulani asiyeacha kitu, akawapelekea wengine chakula kwanza. Nilipomwuliza alinijibu, "Na hiyo nauli yako ya matatu unafikiri hutoka wapi?" Nikanyamaza. Lakini hapo bakshishi ilikuwa imeanza kufanana na hongo.

Kosa si la mama peke yake. Huko Marekani, tangu 1991 sheria ya taifa humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa bakshishi dola 2.13 tu kwa saa. Mengine yatoke kwa wateja. Ufaransa, malipo ya huduma yamo ndani ya bei.

Basi tukumbuke: mshahara ni haki, bakshishi ni ahsante. Mzee yule naye alistahili chakula chake kwa zamu.