Divisheni Wani Haikuvushi Mwaka wa Pili

Mdogo wangu wa uhandisi wa umeme, wewe mwenye sapu mbili, futa machozi tuongee. Umeniandikia kwamba kidato cha sita PCM ulikuwa unawafundisha wenzako, na sasa unajiona mjinga. Mjinga hujawa. Sekondari akili yako ya haraka ilitosha, tena kulikuwa na kengele ya prepo na mwalimu wa zamu. Chuoni hakuna wa kukufuata bwenini kuuliza kama umefanya maswali.

Mwaka 2004, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa kitabu kinene kilichoorodhesha nguvu 24 za tabia ya mtu: udadisi, ukarimu, ucheshi, uongozi na kadhalika. Watafiti wamezipima kwa wanachuo wakazilinganisha na alama zao. Zinazojitokeza mara kwa mara kwa wenye alama nzuri ni ustahimilivu, kujitawala na kupenda kujifunza. Sisemi ndizo zinazoleta GPA moja kwa moja. Huenda pia anayefaulu ndiye anayepata moyo wa kustahimili. Ila kwa uhandisi mimi naona mantiki yake, maana masomo yenu yameshikana. Ukikwepa milinganyo tofautishi mwaka wa kwanza, utaikuta inakungoja kwenye saketi, kisha kwenye mifumo ya udhibiti. Deni halifutiki, na njia ya kulilipa ni kukaa na swali moja gumu saa nzima bila kuchungulia majibu. Hiyo saa moja ndiyo inayowashinda wenye vipaji, kwa sababu hawajazoea kukwama.

Sasa, kwenye barua yako sikuona uvivu. Niliona mtu wa watu, anayeitwa kila chumba kusuluhisha na kuelekeza. Hiyo ni nguvu, usiitupe ili ujifanye mpweke wa maktaba, hutadumu wiki. Itumie: panga diskasheni ya watu wanne, siku na saa zijulikane, na kila mmoja aje amejaribu maswali yake. Wewe peke yako utajidanganya, lakini kuwaangusha wenzako utaona aibu. Sharti langu ni moja: usieleze swali ambalo hujalifanya kwa mkono wako. Wasaidizi wengi hudisko huku waliowaelekeza wakivuka, nami hilo huniuma.

Na udadisi wako wa kufungua redio za watu uweke wikiendi. Utakufaa sana kwenye mafunzo kwa vitendo na mradi wa mwaka wa nne, ila leo una sapu.

Kesho nenda kwa mhadhiri, mwombe akuonyeshe ulipopoteza alama. Kaka wa mwaka wa tatu wana pasti pepa. Zifanye kwa saa, simu ukiwa umemwachia mwenzako. Bumu likiingia, kalkuleta kwanza, wigi baadaye.