Nyonga Baada ya Kujifungua: Somo Kutoka kwa Mifugo na Maabara

Mfugaji wa Taita Taveta anajua dalili za ng'ombe anayekaribia kuzaa. Nyama za pembeni mwa shina la mkia hubonyea na nyonga hulegea. Kano zinazoshikanisha mifupa hulainika ili ndama apate njia. Mwili wa mama mjamzito hufanya maandalizi kama hayo, ingawa hayaonekani kwa urahisi.

Sakafu ya nyonga ni nini?

Kati ya mfupa wa kinena na ncha ya uti wa mgongo kuna misuli na kano zilizotandwa kama machela. Hiyo ndiyo sakafu ya nyonga. Hubeba kibofu cha mkojo, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Ikilegea kupita kiasi au ikichanika, mkojo huvuja mtu anapokohoa au kucheka, au kizazi hushuka na kuonekana ukeni.

Wanyama wamefundisha nini?

Hakuna daktari anayeweza kukata vipande vya misuli ya mama kila mwezi wa mimba ili avichunguze. Ndiyo maana watafiti hutumia wanyama.

Mwaka wa 1926, mtafiti Frederick Hisaw wa Marekani aliwadunga simbilisi, wanyama wadogo wenye umbo la sungura mwenye masikio mafupi, majimaji ya damu ya wanyama wenye mimba. Simbilisi hao hawakuwa na mimba, lakini kano ya kinena chao ililegea. Kilichofanya kazi hiyo ni homoni ambayo baadaye iliitwa relaksini.

Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa wakati wa mimba misuli ya sakafu ya nyonga hurefuka kwa kuongeza viungo vipya ndani ya nyuzi zake. Msuli wa mguu uliopimwa haukubadilika hivyo. Yaani mwili huitayarisha nyonga hasa, ili misuli ivutike bila kukatika mtoto anapopita.

Kazi haiishii siku ya kuzaa. Mwaka wa 2004 watafiti walichunguza panya waliokosa kimeng'enya kimoja kinachosaidia kujenga upya nyuzi za mwili zinazovutika kama mpira. Baada ya kuzaa, viungo vya nyonga vya panya hao vilishuka. Kwa hiyo baada ya kujifungua mwili huwa na kazi ya ukarabati, na kazi hiyo inahitaji muda.

Hata hivyo, binadamu si panya. Husimama kwa miguu miwili, na kichwa cha mtoto wake hupita kwenye njia nyembamba. Uchungu ukikwama kwa muda mrefu, kichwa hubana nyama kwenye mfupa, damu haifiki, nyama hufa na tundu hutokea. Hiyo ndiyo fistula.

Mama afanye nini?

• Ajifungulie hospitalini, ili uchungu ukikwama asaidiwe mapema.

• Akae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha ahudhurie kliniki kati ya saa 48 na 72, kati ya siku 7 na 14, na katika wiki ya sita. Huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani.

• Familia impunguzie mizigo. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na uzito huo husukuma sakafu ya nyonga ambayo bado inapona.

• Baada ya kushauriana na muuguzi, afanye zoezi hili: abane misuli kama anayezuia mkojo, ahesabu hadi tano, kisha aachilie. Arudie mara 10, mara tatu kwa siku. Asilifanye akiwa anakojoa.

Usinyamaze

Kizazi cha ng'ombe kikitoka nje, mfugaji humwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Lakini mama mwenye tatizo kama hilo anaweza kukaa miaka akijificha kwa aibu, akidhani ndiyo hali ya kila aliyezaa. Sivyo. Tatizo hili hutibiwa kwa mazoezi, kwa kifaa kinachowekwa ukeni kushikilia kizazi, au kwa upasuaji.

Mama anayevujwa na mkojo au kinyesi bila kukoma baada ya kujifungua aende hospitalini mara moja. Fistula ndogo ikigunduliwa mapema inaweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo, kubwa hushonwa.

Wakazi wanaweza kuanzia kwa mhudumu wa afya ya jamii au zahanati iliyo karibu, au wafike katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi au hospitali za Wesu, Mwatate na Taveta. Waume na akina mama wakwe wanaombwa wawasindikize.