SOMO LA KIINGEREZA: NENO "SORRY"

Watoto, sisi wa Fizi na Baraka tuna lugha nyingi. Nyumbani wengi wetu husema Kibembe, sokoni Kiswahili, na shuleni twajifunza Kifaransa. Kwa nini tena Kiingereza? Tangu mwaka 1996 watu wengi wa kwetu walikimbia vita, wakavuka ziwa, wakakaa katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Huko walikutana na wageni waliosema Kiingereza. Tena mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika nchi nyingi za Jumuiya hiyo Kiingereza ni lugha ya ofisi. Basi, tujifunze. Lakini haitoshi kujua neno. Yafaa kujua pia wakati wa kulisema. Sikilizeni habari hii.

Mtoto mmoja alikuwa na babu yake, mvuvi wa ndakala. Babu akaugua sana, akapelekwa hospitalini. Wauguzi walimtunza siku tatu. Siku ya nne akafa. Mwuguzi mmoja, mgeni kutoka mbali, akamshika mtoto mkono, akasema: "I am very sorry."

Mtoto alikuwa amefundishwa ya kuwa "sorry" ni "nisamehe". Akawaza moyoni: "Anaomba msamaha kwa nini? Bila shaka alimpa babu dawa mbaya." Baada ya mazishi akawaambia baba yake na baba zake wadogo. Wote wakakasirika. Mmoja akasimama, akataka kwenda kumpiga yule mwuguzi.

Baba akasema: "Ngojeni kwanza. Kuuliza si ujinga."

Wakaenda kwa mwalimu. Mwalimu akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu: "Baba, neno hilo lina maana mbili. Mtu akikukanyaga mguu husema sorry, yaani nisamehe. Akisikia umefiwa husema vilevile sorry, na hapo maana yake ni pole. Mwuguzi hakukiri kosa. Alihuzunika pamoja nanyi."

Baba akanyamaza kitambo. Kesho yake akaenda hospitalini pamoja na mwanawe. Mtoto akamwambia mwuguzi: "Thank you." Mwuguzi akatokwa na machozi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Good morning: salamu ya asubuhi mpaka saa sita ya mchana.
Good afternoon: salamu ya baada ya saa sita ya mchana.
Good evening: salamu ya jioni. Hata ukifika kwa mtu usiku, sema hii.
Good night: si salamu ya kufika, ni neno la kuagana usiku.
Please: tafadhali. Ukiomba maji, usiliache.
Thank you: asante.
Excuse me: neno la kuomba njia, au la kumwita mtu kwa adabu.
Sorry: nisamehe, tena, pole.

Angalieni: kwetu, tukimkuta mtu analima, twasema "Pole na kazi". Kiingereza hakina salamu hiyo. Usimwambie mtu anayefanya kazi "sorry", maana atauliza umemkosea nini. Mwambie "Good morning", naye atafurahi.

MASWALI

1. Kwa nini mtoto alidhani mwuguzi amekosa?
2. Baba alifanya nini kabla ya kutenda kwa hasira?
3. Umemwaga maji ya mwenzako. Utasema nini kwa Kiingereza?
4. Mama wa rafiki yako ni mgonjwa. Utasema nini? Neno hilo lina maana gani hapo?
5. Unafika kwa mgeni saa mbili ya usiku. Utamsalimuje?

Watoto, neno usilolifahamu vizuri lisikupe hasira. Uliza kwanza. Yule uliyemdhania adui, pengine alikuwa analia pamoja nawe.