Nyuki Asiyekuwa na Mzinga

Wengi wetu tukisikia nyuki twawaza mzinga na asali. Lakini yuko nyuki asiyekaa kundini: jike peke yake huchimba tundu ardhini, hutia unga wa maua, hutaga yai, kisha huziba. Asali hana; kazi anayo. Ua la biringani halitoi unga wake vyema ila litikiswe kwa mvumo, na nyuki wa asali hana mvumo huo. Utafiti wa Nguruman, kusini mwa Kenya, uliotolewa mwaka 2008, uliwataja nyuki wa ardhini miongoni mwa waifanyao kazi hiyo.

Basi, ndugu zetu wakulima wa Garsen na kando ya Tana, tukilima mpaka ukingoni twavunja vyumba vya watoto wake. Tukinyunyiza dawa asubuhi, twamuua mama. Tuuache ukingo. Dawa nayo ingoje jua kuchwa, akiwa amekwisha ingia tunduni.