Msimulizi aliyenificha

Swali: Hapa Kibondo tunaazimana riwaya za upelelezi na wenzetu wa Kasulu. Juzi nimemaliza moja kwa hasira: msimulizi kanificha mambo, na muuaji kazuka ukurasa wa mwisho. Nilisoma vibaya?

Jibu: Hukusoma vibaya. Katika The Murder of Roger Ackroyd (1926), Agatha Christie anamwachia msimulizi aruke dakika chache tu za usiku wa mauaji. Ukirudi nyuma, pengo unaliona. Huo ni ufundi. Muuaji asiyetajwa popote ni dalili ya mwandishi aliyeishiwa.

Chukua penseli, rudia sura za mwanzo. Kila msimulizi anaposema “baadaye kidogo” bila kueleza alikuwa wapi, weka alama. Usipopata hata moja inayoelekea kwa muuaji, hasira yako ni halali.

Kisha azima riwaya za mpelelezi Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Mojawapo inaitwa Kosa la Bwana Msa. Naupenda mno ujasiri wa kuliweka kosa la mpelelezi kwenye jalada. Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa, msome kwa mizani nyingine: kwake mbio hutangulia fumbo.