Amplifaya ya zamani bila kuvunja kibubu

SWALI: Fundi, nimerithi santuri za marehemu baba, nyingi za rumba. Natafuta amplifaya na spika za zamani, lakini bei zimepanda mno. Nianzie wapi?

JIBU: Hongera kwa kuzitunza, ndugu yangu. Achana na zile amplifaya za miaka ya 1970 zenye uso wa rangi ya fedha, kama Marantz na Pioneer. Hizo zinagombaniwa, na sehemu ya bei unalipia sura. Tafuta nyeusi za miaka ya 1980: Technics, JVC, Sony. Hazivutii macho, lakini gitaa la rumba linasikika safi kabisa. Nyuma pawe na matundu yaliyoandikwa Phono. Ukichomeka kicheza santuri kwingine, sauti itatoka hafifu.

Kabla ya kulipa, geuza mashine usome kibandiko cha umeme. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, umeiunguza. Transfoma ya kushusha umeme iingie kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Spika ziguse pembeni kwa kidole, taratibu. Sponji ikipukutika kama mkate mkavu, omba upunguziwe. Fundi mzuri hubandika nyingine. Kisha zungusha kitufe cha sauti. Mkwaruzo mara nyingi ni uchafu tu, husafishika. Upande mmoja ukiwa kimya hata baada ya kubadilisha waya na spika, rudisha pesa mfukoni.