Istanbul kwa Miguu: Njia ya Makaisari

Wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Istanbul wengi hufikia Laleli, na kila siku huvuka barabara ya Ordu bila kujua kwamba wanakanyaga njia waliyopita makaisari wa Bizanti wakirudi vitani. Iliitwa Mese. Ukipata nusu siku, itembee yote, takriban kilomita 6, ukianzia magharibi kama wao. Ukianzia upande wa pili, utaona mawe tu.

Panda treni ya Marmaray, shuka Kazlıçeşme, kisha fuata ukuta hadi Yedikule. Hapo lipo Lango la Dhahabu lenye matao matatu, ambayo sasa yamezibwa. Katika maandamano ya ushindi, mateka na ngawira vilitangulia kupita, kaisari akaja nyuma.

Kutoka hapo hadi Aksaray usikawie. Majengo yamemeza karibu kila kitu. Lakini Aksaray ni bondeni, na ndipo njia inapoanza kusema. Inapanda kuelekea Beyazıt, ambako lilisimama tao kubwa la kaisari Theodosius, hivyo aliyetoka bondeni alilazimika kuinua uso kulitazama. Vipande vya nguzo zake vimelala kando ya reli ya tramu. Visogelee: vimechongwa matone matone, mfano wa macho kwenye manyoya ya tausi.

Tua Çemberlitaş, penye nguzo ya kaisari Konstantino, jiwe la rangi ya damu ya mzee, iliyozinduliwa mwaka 330. Katika miaka ya 870, kaisari Basil I alifika hapa juu ya farasi. Akashuka, akaingia kanisa la Bikira Maria lililokuwa hapo, akavua mavazi ya vita, akavaa ya amani, akaenda kanisa kuu la Ayasofya kwa miguu, umati ukimtazama. Nguvu zake zilihitaji kuonekana zikinyenyekea, na mahali pa kunyenyekea palikuwa pamepangwa. Mwaka 971, kaisari John Tzimiskes aliyewashinda Warusi aliletewa gari la ushindi. Akapakia humo picha ya Bikira Maria, yeye akalifuata nyuma juu ya farasi.

Kwa hiyo kipande hiki cha mwisho, kutoka Çemberlitaş hadi Ayasofya, usikipite kwa tramu, hata kama miguu inauma. Ayasofya ni msikiti tena tangu mwaka 2020: epuka Ijumaa mchana, vaa nguo za heshima, na wanawake wabebe mtandio. Watalii hupelekwa roshani ya juu, na tiketi ni ghali, basi tenga fedha mapema.